Ung'eng'e wa Mtaani: 'More or less', zaidi ya nani, pungufu ya nani?

Wa Tandika, wa Mwanjelwa, wa Kirumba, na nyie wa Kashaulili pale Mpanda mnaogombania gazeti moja watu sita, wote mpo? Haya, kaeni mkao wa kula, wiki hii Anko wenu ana jambo.

Kuna maneno ya kizungu yamehamia mjini yakapanga chumba na sasa hayataki kutoka. Mojawapo ni hili la 'more or less'. Utalisikia kila kona. Fundi cherehani umempa kitambaa tangu mwezi uliopita, ukimuuliza anasema suti iko 'more or less' tayari, ukichungulia ndani unakuta hata mikono haijakatwa. Dalali anakwambia chumba ni 'more or less' selfu, ukienda kukiona choo kiko uani na mnachangia nyumba nzima. Mshikaji anakudai elfu kumi, wewe unamwambia umeshalipa 'more or less'. Lipa bwana!

Nimepata barua mbili zinazouliza maana ya maneno hayo hayo matatu. Moja ya binti wa Kinondoni, hiyo tutaifikia, tulia kwanza. Nyingine imetoka mbali, Usevya. Kwa nyie mnaodhani Tanzania inaishia Kibaha, Usevya iko mkoa wa Katavi, wilaya ya Mlele, upande wa Mpimbwe. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Katavi na mbung'o wakikusindikiza bila nauli, unatokea Kibaoni, halafu Usevya hiyo hapo, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Zamani huko kote kulikuwa mkoa wa Rukwa, Katavi ikakatwa kuwa mkoa mwaka 2012. Kule mpunga ndiyo mambo yote. Mpunga ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari.

Kijana aliyeandika amemaliza kidato cha nne, na kwa sababu hiyo ndiye mwanasheria wa ukoo. Mnajua ilivyo. Ukishavaa soksi ndefu ukafika form four, kila karatasi ya kizungu inayoingia kijijini inaletwa kwako. Anasema amekuja mnunuzi na karatasi, anataka mama yake asaini wakati mpunga ungali shambani, apewe pesa kidogo ya kuanzia, nyingine baadaye. Mama anaitaka hiyo pesa kwa sababu mdogo mtu anakwenda kidato cha tano na sanduku halijanunuliwa. Karatasi yenyewe ni nusu ukurasa. Mstari unaomkosesha kijana usingizi unasema hivi: 'Seller shall deliver 60 bags of paddy, more or less, as buyer may require.' Anauliza: "Anko, hiyo 'more or less' ndiyo nini? Nimwambie mama asaini au asisaini?"

Swali zito hilo, siyo la kujibiwa kwa mbwembwe. Tuanze na shule kidogo, hata wale wa Kinondoni itawasaidia.

Ukilitafsiri neno kwa neno, 'more' ni zaidi, 'less' ni pungufu, basi unapata 'zaidi au pungufu'. Hapo ndipo wengi wanapoishia. Lakini mzungu akilitumia katika maongezi hayuko kwenye kupima, yuko kwenye kukadiria. Likikaa na namba maana yake ni 'kama', 'yapata', 'takriban'. 'Twenty people, more or less' ni watu kama ishirini hivi. Likikaa na tendo au hali, maana inageuka kidogo, inakuwa 'karibu' au 'kwa sehemu kubwa'. 'I have more or less finished' siyo kwamba nimemaliza zaidi, wala siyo kwamba nimemaliza pungufu. Ni kwamba nimebakiza kidogo tu, nivumilie. Na 'they are more or less the same' ni kwamba hawa wanafanana, tofauti ipo lakini siyo ya kugombania.

Hapo kuna kosa moja limeenea Afrika Mashariki nzima kama mafua. Watu wanasema 'more less', kile 'or' cha katikati wanakimeza. "It is more less the same." Utalisikia kwenye semina, kwenye redio, mpaka kwa watu wenye tai. Jamani, 'more less' bila 'or' ni sawa na kusema 'zaidi pungufu', ni kizungumkuti. Kile kidude cha katikati ni kidogo lakini ndicho kinachobeba mzigo. Usikimeze.

Na usilibandike kwenye kila kitu. Namba ya kuhesabu kabisa kabisa hailitaki. Ukisema wageni walikuwa 'more or less' 37, watu watakucheka, maana kama umehesabu mpaka saba basi umeshahesabu. Sema 35 au 40. Vivyo hivyo mambo ambayo hayana katikati. Mimba haina 'more or less', ama ipo ama haipo. Mtihani wa kidato cha nne umefaulu au umefeli. Maiti naye hawi maiti kiasi.

Sasa mniruhusu nijigambe na lugha yetu kidogo. Watu wanaikandia, wanasema Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu, kizungu ndiyo kimepangika. Hebu angalia. Ukisema 'laki na ushei', kila mtu anajua imevuka laki. Haijapungua hata shilingi, imezidi kidogo. Ukisema 'laki kasoro' unajua haijatimia. Ukisema 'kama laki hivi', hapo ndiyo inaweza kuwa huku au kule. Kwa hiyo muuza kuku wa Usevya ana njia ya kukwambia pesa inaegemea wapi kabla hujafungua pochi. 'More or less' haikwambii. Inaacha mlango wazi pande zote mbili na kuondoka zake. Na mlango ukiwa wazi usiku, swali ni moja tu, nani anaingia?

Hilo swali wazungu wenyewe walishajiuliza, tena kwenye pesa kubwa, meli.

Chukua tajiri anayekodi meli ya kumletea ngano Dar es Salaam. Mkataba hausemi tani 10,000 kavu kavu. Meli haipakiwi kama fuso. Mzigo itakaoweza kubeba siku hiyo unategemea imebeba mafuta kiasi gani, maji ya kunywa kiasi gani, kina cha bandari kikoje. Kwa hiyo wanaandika tani 10,000, asilimia 5 'more or less'. Maana yake mzigo unaweza kuwa tani 9,500 au 10,500 na hakuna wa kumshitaki mwenzake. Lakini hawaishii hapo! Wanaongeza maneno mengine matatu, 'in owner's option', yaani kwa uamuzi wa mwenye meli. Wametumia hayo maneno mara nyingi mpaka wameyafupisha, kwenye karatasi zao utakuta MOLOO, kama jina la golikipa. Wakati mwingine mwenye uamuzi ni yule aliyekodi, basi wanaandika tofauti. Lakini lazima waandike ni nani. Kwa sababu tani 1,000 zinazoelea kati ya 9,500 na 10,500 ni pesa. Bei ikipanda kila mtu atataka zile 10,500, bei ikianguka kila mtu atakumbuka 9,500.

Mabenki nao hivyo hivyo. Chemba ya Kimataifa ya Biashara, makao yake Paris, ina kanuni za barua za dhamana zinazotumika kulipia mizigo ya nje. Toleo linaloitwa UCP 600 lilianza kutumika Julai 2007. Kifungu cha 30 kinasema ukiandika 'about' au 'approximately', yaani 'kama' au 'takriban', benki itakuelewa kuwa ni asilimia 10 juu au asilimia 10 chini, basi. Siyo zaidi ya hapo. Yaani wameenda kulikamata neno 'hivi' wakaliwekea namba! Na usipoandika maneno hayo, kiasi cha mzigo kinaruhusiwa kucheza asilimia 5, mradi pesa haizidi ile ya kwenye barua. Ila, hapa mtu wa Usevya atege sikio, hiyo nafuu ya asilimia 5 haipo kama umehesabu kwa vifungashio au kwa kitu kimoja kimoja. Ukishaandika magunia 60, ni 60. Kwa nini? Gunia linahesabika. Kilo ndizo zinazocheza.

Hizo ni kanuni za mabenki na mizigo ya nje, mkataba wa shambani haufungwi nazo. Nimezileta muone tu watu wenye hela zao wanavyoliogopa neno hili. Hawaliachi lizurure peke yake. Wanalipa kipimo, wanalipa na mwenyewe.

Haya, sasa turudi Mpimbwe tuisome ile karatasi kwa macho hayo. Magunia 60, 'more or less'. Kwa asilimia ngapi? Haikuandikwa. Kwa uamuzi wa nani? Hiyo imeandikwa, tena mwishoni kwa unyenyekevu, 'as buyer may require', kama mnunuzi atakavyohitaji. Umeona dili lilipolala? Mpunga ukipanda bei, mnunuzi atahitaji 70 kwa bei ile ile ya zamani. Bei ikianguka atahitaji 40, na yale 20 mama atabaki nayo yakiliwa na panya. Zaidi ni ya mnunuzi, pungufu ni ya mama. Hiyo siyo 'more or less' tena, hiyo ni gemu ambayo timu moja ndiyo yenye refa.

Lakini ngoja kwanza, maana naona kijana ametoa macho kwenye maneno matatu na mwizi mwenyewe amepita mlango wa nyuma. Mwizi ni 'bags'. Gunia la kilo ngapi? Karatasi nzima haina neno kilo. Na sote tunajua gunia la Tanzania linavyoweza kukua. Linajazwa, linashindiliwa, linasimamishwa, linaongezwa kofia ya wavu juu, linashonwa kwa kamba, linakuwa na kichwa na mabega kama mcheza mieleka. Lumbesa hiyo. Mnunuzi analiita gunia moja, mgongo wa mbebaji unajua ni gunia na nusu ya mwenzake.

Piga hesabu na Anko. Tufanye kila gunia limebeba kilo 20 juu ya zile 100. Magunia 60 mara kilo 20 ni kilo 1,200. Hayo ni magunia 12 mazima, yamekwenda bila kuandikwa popote, na hesabu kwenye karatasi bado inasoma 60. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni shilingi 1,000. Hiyo ni milioni moja na laki mbili. Sanduku la form five, godoro, ndoo, sare na nauli ya kwenda na kurudi, vyote vimo humo ndani ya kofia ya gunia.

Na hii siyo siasa ya Anko. Sheria ya Vipimo, sura ya 340, inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ambao upo tangu 2002, kazi yao ni pamoja na kukagua mizani na kuwakamata wa lumbesa. Kila msimu wanatangaza, kila msimu lumbesa zinapita barabarani mchana kweupe. Mkulima anaijua sheria, mnunuzi anaijua, mbebaji ndiye anaijua kuliko wote. Tatizo ni kwamba mkulima ana shida ya leo na mnunuzi ana pesa ya leo, wakikutana hao wawili sheria inasubiri nje. Ndiyo maana namwambia huyu kijana asitegemee kwamba atakuja ofisa kumtetea mama. Aitetee karatasi kabla haijasainiwa.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Usevya, jibu lako hili hapa. Mama asisaini karatasi hiyo. Lakini pia msimfukuze mnunuzi kwa matusi, maana mnamhitaji, na yeye anawahitaji, mpunga hauoti Kariakoo. Mwambie mnaandika upya, na mnaandika kwa Kiswahili. Asikutishe kwamba mkataba wa Kiswahili hauna nguvu. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, sembuse karatasi ya mpunga! Mwandike hivi: "Muuzaji atatoa kilo 6,000 za mpunga mkavu. Kilo hizo zinaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Mpunga utapimwa kwenye mzani uliohakikiwa, pande zote mbili zikiwepo, na mnunuzi atalipa kila kilo itakayoonekana kwenye mzani." Bei kwa kilo, siyo kwa gunia. Tarehe ya kuchukua mzigo. Pesa ya kuanzia ni kiasi gani, na inayobaki inalipwa lini. Mashahidi wawili wanaojua kusoma, na nakala ya mama abaki nayo yeye, siyo yeye kupigiwa picha halafu karatasi inaondoka na pikipiki.

Uone uzuri wake. Asilimia 5 ya kilo 6,000 ni kilo 300. Mvua ikiharibu kidogo mama akatoa 5,700, hajavunja mkataba. Shamba likijibu vizuri akatoa 6,300, analipwa zote 6,300. 'More or less' bado imo, tumeiacha, hatuna ugomvi nayo. Hakuna mkulima anayejua Januari atavuna kilo ngapi, kwa hiyo neno la kuachia nafasi ni halali kabisa. Sasa lina kipimo, na kila kilo inayozidi ina mwenyewe wa kuilipa. Kama mnunuzi ni mtu wa biashara ya kweli atasaini hapo hapo, hana anachopoteza. Akianza kukuna kichwa na kusema "lakini sisi hatufanyagi hivyo", basi ameshakujibu, muulizeni mwingine. Na kama hakuna mwingine na sanduku linadai, basi walau muuze magunia machache ya kutosha sanduku, kwa kilo, mengine yasubiri. Mpunga wakati wa mavuno ndiyo unakuwa wa bei mbaya, kila mtu anauza siku moja.

Aidha, kijana, safi sana kwa kuuliza. Kuna wenye digrii wanasaini mikataba ya nyumba Sinza bila kusoma ukurasa wa pili.

Haya, dada wa Kinondoni, usinune, zamu yako. Unasema una miaka mitatu na jamaa, na kila ukimpeleka kwa shughuli za watu anakutambulisha kwa ung'eng'e, "We are more or less engaged." Marafiki zako wanapiga vigelegele, wewe unabaki unatafuta pete kidoleni huioni. Unauliza maana yake ni kwamba mmechumbiana au la.

Kwa sarufi, dada, ni 'karibu tumechumbiana'. Kwa sarufi tena, uchumba uko kundi moja na mimba, hauna katikati. Barua ya posa imefika kwenu au haijafika. Miaka mitatu hii wewe umekataa wengine wawili, umeandika mwenyewe, yeye hakukataa kitu. Muulize asilimia ngapi. Muulize tarehe. Akianza kuzunguka, jua uko kwenye ile meli yetu ya ngano, na anayeamua mzigo ni yeye. MOLOO, dada yangu.

Wiki ijayo, kwa wapenzi wa mitumba na simu za mkononi za mkono wa pili, tutaikamata 'as good as new'. Mwenye risiti aje nayo.